Ule Ubao wa Jibini na Nyama Kavu Unaouona Insta Ulianza kwa Wakulima, Sio kwa Matajiri

Kuna shosti wangu mmoja, jina kapuni, aliandaa kichen pati ya mdogo wake nyumbani. Katikati ya meza akaweka ubao mkubwa wa mbao: jibini aina tano, nyama zilizokatwa nyembamba kama karatasi, zeituni, zabibu, mikate ya kila umbo. Picha zilipendeza balaa, laiki zikamiminika. Wiki iliyofuata akaninong'oneza kwamba vile vitu alivinunua kwa mkopo wa simu na bado anaulipa. "Nilitaka na sisi tuonekane wa kishua," akasema.

Nikacheka, halafu nikasikitika. Maana historia ya ule ubao, watu wangu, haina ushua hata kidogo.

Wazungu wanaita zile nyama shakuteri. Neno ni la Kifaransa, limetokana na maneno mawili: nyama na kupikwa. Turudi Ulaya ya kale, hakuna friji, hakuna umeme. Baridi kali inakuja, majani yanaisha, kulisha mifugo kunakuwa shughuli. Familia ya mkulima inachinja nguruwe wake, huyo huyo kitimoto, kabla baridi haijakaza. Sasa nguruwe mzima utamlaje kwa wiki moja? Ndipo chumvi ikaingia kazini. Chumvi inavuta maji kwenye nyama, na bakteria bila maji hawatambi. Paja likatiwa chumvi na kuning'inizwa kwenye upepo, vipande vingine vikapelekwa kwenye moshi. Utumbo, ini, damu na mafuta havikutupwa, vikageuzwa soseji. Hiyo haikuwa mbwembwe, ilikuwa hofu ya njaa.

Huko Paris, kufikia karne ya 15, wauzaji wa nyama hizi za kupikwa walishatambuliwa kama mafundi wenye chama chao, tofauti na wauza nyama mbichi. Majina ya wengi wao hatuyajui, lakini kazi yao ndiyo ipo kwenye simu yako leo.

Jibini nayo ni hadithi hiyo hiyo. Maziwa yanaharibika haraka, ila ukiyagandisha, ukayakamua maji na kuyatia chumvi, yanakaa miezi, mengine hadi miaka. Ili upate kilo 1 ya jibini ngumu unahitaji takribani lita 10 za maziwa. Kwa hiyo mama wa shambani aliyetengeneza jibini kipindi cha maziwa mengi alikuwa anaweka akiba benki, ila benki yenyewe ni kabati.

Kuna na umbea wa kale kuhusu jibini ya Roquefort ya Ufaransa, ile yenye madoa ya bluu. Wanasimulia kwamba kijana mmoja mchungaji alikuwa anakula pangoni, akamwona mrembo anapita, akaacha chakula akamfuata. Aliporudi siku nyingi baadaye, jibini yake imeota ukungu. Njaa ikamshinda, akaionja, kumbe tamu! Ni ngano tu, usiniulize kama walioana. Ila hili ni la kweli: mwaka 1411 Mfalme Charles VI aliwapa wanakijiji wa Roquefort haki ya peke yao ya kuikomaza jibini hiyo mapangoni mwao. Na mwaka 1925 Ufaransa ikalilinda jina hilo kisheria.

Sasa chakula cha shambani kiligeukaje kuwa cha kujionyesha? Angalia Uingereza. Mkate na jibini vilikuwa chakula cha vibarua wa mashambani. Ikaja Vita ya Pili ya Dunia, jibini ikawa ya mgawo. Mwaka 1941 kuna kipindi mtu alipewa aunsi 1 tu kwa wiki, kama gramu 28, kipande unachokimaliza kwa kung'ata mara mbili. Mgawo uliisha 1954, na watu walishazoea kuishi bila jibini nyingi. Wafanyabiashara wakaona hapana. Wakaanza kampeni kwenye baa: mkate, jibini na achari, wakauita mlo wa mchana wa mkulima. Miaka ya 1960 bodi ya maziwa ikaongeza moto kwenye matangazo. Wateja wakaamini wanakula kitu cha mababu kama kilivyokuwa, kumbe jina lenyewe lilisambazwa na watu wa masoko!

Na mwaka 2023 ikatokea tena. Dada mmoja wa Marekani aliposti video TikTok akionyesha mkate, jibini na zabibu zake za jioni. Chanzo kilikuwa maneno kwamba wakulima wa zama za kale walikula mkate na jibini tu, eti maisha magumu. Yeye akasema hicho ndicho chakula anachokipenda. Dunia nzima ikamfuata.

Umeona mchezo? Kila kitu kwenye ule ubao ni akiba: nyama iliyotiwa chumvi, maziwa yaliyogandishwa, achari, matunda makavu. Na akiba haikopewi.

Kwa hiyo ukitaka kupanga wako nyumbani, fanya kama mkulima, anza na ulichonacho. Jibini mbili zinatosha, moja ngumu na moja laini. Njombe na Limuru wanatengeneza nzuri tu. Nyama aina moja au mbili. Kama meza yako haina nguruwe, Waitaliano wana bresaola, ambayo kwa kawaida ni ya ng'ombe, na Waturuki wana pastirma. Soma lebo. Weka kitu kichachu cha kukata mafuta, achari ya embe inafanya kazi hiyo vizuri sana. Kitu kitamu: tende au asali. Kitu cha kutafuna: korosho. Mkate, basi. Sinia la bibi linafaa kuliko ubao wa bei mbaya.

Jibini itoe kwenye friji nusu saa kabla, ladha inafunguka. Ila visikae nje zaidi ya masaa 2, na joto likipita nyuzi 32, mwisho saa moja. Na kama kuna mjamzito, mwekee pembeni chakula chake: jibini laini ya maziwa mabichi na nyama zisizopikwa sio salama kwake.

Shosti wangu nilimsimulia haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe bibi yangu na ng'onda zake juu ya bati alikuwa mtu wa shakuteri?" Ndiyo, shosti. Alipasua samaki, akamtia chumvi, akamwachia jua, na hakudaiwa na mtu.

Je, kwenu bibi au mama alikuwa anahifadhi nini kabla ya friji? Dondosha maoni yako hapo chini.