Nyanya Yako Yuko Ukurasa Gani?

Kabla hujaendelea, chukua kalamu uandike jina lako, la babako, la babu na la babake babu. Wengi wetu twafika wanne au watano bila taabu. Sasa andika la mamako, la mamake, na la mamake huyo. Umefika wapi?

Si kwamba wanawake hao hawakuwepo. Makaratasi ndiyo yaliyowaruka. Wakoloni walipoleta kipande, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walimvisha mwanamume, kwani yeye ndiye waliyemtaka kazini. Hata baada ya uhuru, mwanamke wa Kenya alingoja mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 ndipo naye akaandikiwa kitambulisho. Kwa hivyo nyanya aliyefariki 1970 aliweza kuzaa, kulea na kuuza mahamri miaka yote hiyo asiwe na kitambulisho hata siku moja.

Wanavyuoni wetu hawakuwa hivyo. Imam As-Sakhawi wa Misri, aliyefariki mwaka 1497, aliandika wasifu wa watu wa karne yake, na juzuu ya 12, ya mwisho, yote ni wanawake, zaidi ya 1,000. Yumo nani aliolewa na nani, nani aliachwa, nani alisoma kwa nani. Mambo ambayo leo ukiuliza waambiwa una umbeya!

Na hapa kwetu Mombasa, katika miaka ya 1970, Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na akina mama watatu wakarekodi maisha yao. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1989, kisha kikatoka kwa lugha yao wenyewe, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Hawakuwa masultani wala mashujaa wa vita. Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyezaliwa karibu mwaka 1890 na kufariki 1983, alitoka katika Thenashara Taifa, na watu wake walimiliki watumwa. Mishi wa Abdala alitoka katika kizazi cha waliotumwa, naye alikuwa somo, yule anayewafunda wasichana wakivunja ungo. Wa tatu, Shamsa Muhashamy, alikuwa wa ukoo wa Kiarabu.

Bi Kaje na Mishi kuwekwa katika jalada moja si jambo dogo. Katika pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, Bi Kaje akiwa tayari msichana mkubwa. Hesabu basi: walioishi mambo yale waliuona pia uhuru wa 1963, na wengine walitubeba mgongoni wazee wetu. Lakini majumbani hayasemwi. Ukiuliza, jibu ni "walikuwa jamaa tu", na mada imefungwa.

Tena nasaba ya baba yasaidia kuficha. Kisheria mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru, akabeba jina la babake sawa na nduguze. Jina likapita vizazi vinne halikukatika, lakini mama aliyemzaa, alikotoka Nyasa au Uyao, akabaki hana hata jina la babake. Kijana anajivunia shajara ya ukoo ukutani, kumbe nusu yake haijaandikwa. Mimi naona aibu iko hapo, wala haiko kwa yule mama.

Usidhani lakini maisha yao yalikuwa dhiki tupu. Kulikuwa na lelemama, na vyama kama Banu Saada na Ibinal Watan vikishindana kwa ngoma, mavazi na karamu, mpaka watu wakaingia madeni.

Basi ukikaa na nyanya baada ya tarawehe, usimuulize "ulizaliwa mwaka gani". Muulize alikuwa na umri gani wakati wa mvua za 1961, au bendera ilipopanda 1963. Muulize nani alikuwa somo wake, na nyumba ya kwanza aliyoolewa ilikuwa mtaa gani. Kisha muombe akufungulie sanduku la leso. Soma jina la kila moja, umuulize alipewa na nani, na lile fumbo alikuwa akirushiwa nani. Hapo andaa chai ya kutosha, kwani daku itawakuta papo hapo.