Maji ya Miwa: Kutoka Karai hadi Kichujio cha Kauri

Wanachama wenzetu, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa kueleza habari za kazi ambayo mkulima huisikia kwa mbali tu, nayo ni kusafisha maji ya miwa.

Hapo kale maji hayo yalichemshwa katika karai, povu likaenguliwa kwa upawa, ikapatikana sukari guru. Kisha vikaja viwanda kandokando ya Ziwa letu: Miwani na Lugazi katika miaka ya 1920, Kakira mwaka 1930, na baadaye Kagera. Njia iliyozoeleka viwandani ni ya chokaa na moshi wa salfa. Uchafu huganda, huzama chini, nalo tope lake hufaa kuwa mbolea shambani.

Kichujio cha kauri ni ndugu wa chungu. Ni mabomba yenye kuta za vitundu vidogo mno, hata maji na sukari hupita, lakini nta, utomvu na vijidudu hubaki. Elimu hiyo ilikuzwa Ufaransa katika kazi ya urani, na katika miaka ya 1980 ikaingia katika viwanda vya maziwa na mvinyo. Mwaka 1994 kiwanda cha Puunene, huko Hawaii, kiliitumia kwa maji ya miwa, ingawa hata huko chokaa ilitangulia. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016. Vichujio hivyo ni ghali, huziba, na hudai kuoshwa kwa dawa kali.

Hapa ndipo mkulima anapoguswa. Muwa uliokatwa ukalala hupoteza sukari na kuzaa utomvu, na utomvu ndio uzibao kichujio. Hakuna chokaa wala kauri iwezayo kurudisha sukari iliyokwisha potea. Lakini gari likichelewa, hasara yaweza kumwangukia mkulima asiye na kosa.

Tukumbuke kwamba wazee wetu wa pamba hapa Mwanza walilalamikia mizani ya wanunuzi, wakajiunga, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria. Walitaka kuona kwa macho yao. Nasi yatupasa vivyo hivyo: kila chama cha msingi chenye wakulima wa miwa kiandike saa ya kukata na saa ya kupima, kwa maana daftari ndilo shahidi wa mkulima.