Baiskeli za Mteremko: Ipi ya Mashindano, Ipi ya Mkoani

Baiskeli ya mteremko ni baiskeli ya milimani iliyoundwa kwa kazi moja: kushuka mlima kwa kasi kubwa, juu ya mawe, mizizi na mashimo, bila kumtupa aliyeipanda. Kazi ya kupanda mlima haimo katika hesabu ya aliyeiunda. Mwenye nayo hupandishwa kileleni na gari la kamba au lori, hushuka kwa dakika chache, kisha hupandishwa tena. Kwa hiyo anayetaka kuchagua aina ya baiskeli aanze na swali hili: huko juu nitapelekwa na nani? Mkaazi wa Mkoani, kisiwani Pemba, anayeshuka bandarini asubuhi jibu analo, maana jioni mlima ule ule ataupanda kwa miguu yake.

Wageni wengi wakisikia kisiwa hufikiria tambarare. Pemba haiko hivyo. Upande wa magharibi, kuanzia Mkoani kupita Chake Chake hadi Wete, ardhi ni vilima na mabonde yasiyokwisha; upande wa mashariki ndio uliolala. Mji wa Mkoani wenyewe umepanda juu ya bandari yake, na barabara ya kwenda Chake Chake kupitia Mtambile, takriban kilomita 30, huinuka na kushuka njia nzima. Lakini vilima hivi ni vifupi. Hakuna kinachofika mita 150 juu ya usawa wa bahari. Sifa hizo mbili, wingi wa miinuko na ufupi wake, ndizo zinazotenganisha mahitaji ya Pemba na ya mashindano ya dunia.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na baiskeli kuukuu. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Fairfax, California, walianza kushindana kwa saa kwenye njia ya vumbi yenye urefu wa kilomita 3 na ushei, inayoporomoka kimo cha mita 400 hivi. Walitumia baiskeli nzito za zamani zenye tairi pana, na breki yao ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, iliyo ndani ya habu ya nyuma. Wakifika chini, grisi ya habu imeungua na kutoa moshi, na lazima ifunguliwe na kujazwa upya. Ndiyo sababu mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Miongoni mwao walikuwamo Gary Fisher na Joe Breeze, ambaye mwaka 1977 aliunda fremu zake za kwanza kwa ajili ya milima. Ubingwa rasmi wa dunia ulianza mwaka 1990 huko Durango, Colorado. Mbio za kuzunguka msituni, zenye kupanda na kushuka, ziliingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta. Za mteremko mpaka leo hazimo.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, zinataka njia ya mteremko iwe na urefu wa kilomita 1.5 hadi 3.5 na ichukue dakika 2 hadi 5. Njia mashuhuri ya Fort William, Uskoti, ina kilomita 2.8 na inashuka mita 555. Kimo hicho ni zaidi ya mara tatu ya kilima chochote cha Pemba. Hata ungekata njia ya moja kwa moja kutoka kilele kirefu cha kisiwa hadi ufukweni, baiskeli ya mashindano ya kweli ingefika baharini kabla mpandaji hajapata joto.

Umbo na uzito

Tofauti ya kwanza iko shingoni, pale usukani unaposhikana na foko ya mbele. Katika baiskeli ya mteremko shingo imelala sana, nyuzi 62 hadi 64 kutoka ardhini, hivyo gurudumu la mbele linakuwa mbali mbele ya mpandaji. Gurudumu likigonga jiwe, mtu hapinduki juu ya usukani kwa urahisi. Gharama yake huonekana ukianza kupanda: usukani unayumba, gurudumu la mbele linanyanyuka, na kona ndogo za vijia vya mashambani zinakuwa kazi. Baiskeli za mbio za msituni zina shingo iliyosimama zaidi, nyuzi 67 hadi 69, na zile za matembezi ya milimani ziko katikati.

Shokapu zinafuata mantiki hiyo hiyo. Ya mteremko hubonyea milimita 200 mbele, na nyuma karibu hivyo. Foko yake imeshikwa na taji mbili, moja chini ya shingo na moja juu, kama ya pikipiki. Baiskeli ya matembezi hubonyea milimita 120 hadi 150, na ya mbio za msituni 100 hadi 120. Kila milimita inayokulinda ukishuka inakunywa nguvu ukikanyaga kupanda, kwa sababu sehemu ya msukumo wa mguu inaishia kubonyeza springi. Ongeza hapo uzito wa kilo 15 hadi 18 na kiti kilicho chini sana, usichoweza kukikalia na kukanyaga vizuri, maana kushuka hufanywa kwa kusimama.

Gia zinamaliza shauri. Baiskeli ya mteremko huwa na gia 7 tu, nyuma, na mbele duara moja la meno 36 au karibu na hapo. Tuseme gia nyepesi kabisa ni meno 36 mbele na 24 nyuma, juu ya magurudumu ya inchi 29: kila mzunguko wa pedali unaisogeza baiskeli karibu mita 3.5. Baiskeli ya kawaida ya gia 21 yenye meno 28 mbele na 28 nyuma, kwa magurudumu ya inchi 26, inasogea mita 2 na kidogo tu, na ndiyo maana mtu anaweza kuupanda mlima akiwa amekaa. Katika mashindano pedali si kitu sana. Juni 2015 huko Leogang, Austria, mnyororo wa Mmarekani Aaron Gwin ulikatika alipokuwa anatoka tu langoni. Alishuka bila mnyororo na akashinda.

Hata hivyo mashindano nayo hayafanani. Pietermaritzburg, Afrika Kusini, iliandaa ubingwa wa dunia mwaka 2013, na Greg Minnaar, mzaliwa wa mji huo huo, akautwaa. Njia yake ilijulikana kwa kipande kirefu cha tambarare kinachotaka mapafu na pedali. Kwa pale, wepesi ulikuwa na thamani zaidi kuliko Fort William. Tangu 2013 kuna pia mfululizo wa dunia wa mbio za enduro, ambamo mshindani hupimwa saa kwenye miteremko tu lakini hujipandisha mwenyewe. Baiskeli yake, yenye shokapu za milimita 150 hadi 180, ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya mtu anayependa kushuka kwa kasi na hana gari la kumbeba.

Breki kwanza

Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90, wakishuka kimo cha mita 50, breki, tairi na upepo vinapaswa kumeza jouli 44,000 hivi. Joto hilo linatosha kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 10. Fort William ni mara 11 ya hapo, na ndiyo sababu baiskeli za mashindano zina breki za mafuta zenye pistoni nne na diski za milimita 200 au zaidi. Kwa vilima vya Mkoani, diski ya milimita 160 au 180 inatosha kabisa, hata ikivutwa kwa waya.

Jambo la kuogopa hapa ni maji. Pemba ina mvua nyingi kuliko Unguja, na wakati wa masika vijia vya kwenye mikarafuu huwa utelezi mtupu. Phoenix ya Shanghai, ile nyeusi yenye breki za fimbo, inavumilia mzigo na miaka, lakini rimu yake ya chuma chenye kromu ikilowa breki haishiki. Breki za raba zinazobana rimu ya alumini ni bora zaidi, ila tope na mchanga huila rimu taratibu mpaka ipasuke. Diski iko juu, mbali na tope, nayo hushika hata ikilowa. Kati ya diski ya waya na ya mafuta, mimi ningechukua ya waya: waya wake fundi yeyote anao, lakini kutoa hewa katika breki ya mafuta kunataka vifaa vyake na mtu aliyefundishwa.

Aliyenunua baiskeli ya mtumba akague jambo moja kabla hajateremka popote. Zilizotoka Japani na Uingereza, mkono wa kulia ndio wa breki ya mbele. Zilizotoka nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani, ya mbele iko kushoto. Mtu aliyezoea upande mmoja akibana kwa nguvu upande mwingine katikati ya mteremko, gurudumu la mbele linasimama na yeye anaendelea.

Kinachobebwa

Matumizi ya kawaida Mkoani yana mambo ambayo wauzaji wa baiskeli za mashindano hawayafikirii kabisa. Baiskeli hubeba gunia la karafuu kavu kwenda kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, dumu la maji, majani ya ng'ombe, samaki, mtoto wa shule. Fremu yenye shokapu ya nyuma haipokei keria ya kawaida, kwa sababu sehemu ya nyuma inacheza. Ukiilazimisha, mzigo unapiga tairi au chuma kinakatika. Mnyororo usio na kava nao hula ncha ya kanzu na pindo la buibui. Anayevaa hivyo anahitaji kava, na mara nyingi fremu yenye bomba la juu lililoshushwa.

Kama ni kushuka na mzigo, mabingwa wa Afrika Mashariki wako Goma. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo, kinachoshusha viazi, makaa na kuni kutoka nyanda za juu za Kivu hadi mjini. Ni kirefu na kizito, na mwendeshaji hupiga goti juu yake au kusimama. Breki ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mlima ukigeuka, chukudu husukumwa. Mwaka 2009 mji wa Goma ulikijengea sanamu. Waliokiunda hawakuona michoro ya wahandisi wa mashindano, lakini walifikia hitimisho lile lile, kwamba chombo kirefu kilicho chini ndicho kinachotulia kwenye kasi.

Kununua kilichotumika

Baiskeli mpya ya mteremko ya kiwango cha mashindano huanzia dola 4,000 na mara nyingi hufika maradufu yake, kwa hiyo wengi wataonyeshwa iliyotumika, au mfano wake wa bei nafuu wenye springi mbili za kupendeza macho. Hizi za pili naziona ni hasara. Springi ya nyuma haina mafuta ya kuituliza, hivyo inarusha badala ya kumeza mtikisiko, na baiskeli inaongezeka uzito bila kupata faida. Pesa ile ile ingenunua fremu ngumu ya nyuma, foko nzuri ya mbele na tairi bora.

Bonyeza foko mara kadhaa: irudi polepole na kimya, bila kuacha mafuta kwenye bomba zake. Bomba likiwa na vidoa vya kutu, na hewa ya chumvi ya bandarini huvileta mapema, vidoa hivyo vitakata sili hata ikibadilishwa. Angalia maungio chini ya shingo kama kuna ufa. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia, usikie kama gololi au ekseli zimelegea. Pima mnyororo kwa rula: pini ya kwanza ikiwa sifuri, pini nyingine iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, jua meno nayo yameliwa na utalipa vyote viwili. Na baada ya safari ya masika, osha kwa maji baridi, kausha, tia mafuta mnyororo.

Kwa anayetaka kushindana kweli, njia ni kuondoka kisiwani. Milima ya Usambara iko upande wa pili wa mkondo wa Pemba, na Kilimanjaro ina njia ya Kilema inayoruhusu baiskeli. Hata huko, baiskeli ya enduro itamfaa kuliko ya mteremko mtupu, kwa kuwa kupanda ni kwake mwenyewe.

Kwa anayebaki Mkoani, hukumu yangu ni hii: fremu ngumu ya nyuma, foko ya milimita 100 hadi 120, magurudumu ya inchi 26 ambayo tairi na tyubu zake hazitafutwi mbali, diski za waya, gia ndogo mbele, na mahali pa kufungia keria. Pesa ikibaki, nunua kofia ngumu kabla ya kitu kingine chochote.