Foleni ya Kisima na Foleni ya WiFi: Nani Anapanga Zamu?

Wasee wa Isiolo, hii stori ya WiFi kuzunguka tu saa mbili usiku tumeiongea vibaya kwa muda mrefu. Kila mtu anasema "mtandao umelala", anamtusi fundi, anahamia kwa fundi mwingine, na mwezi ujao ni yaleyale. Hii shida ina historia yake. Ukiijua, utajua swali la kuuliza kabla hujatuma M-Pesa.

Tuanze na kitu ambacho wazee wetu wanakijua kuliko injinia yeyote: kugawa maji. Kwa Waborana, kwenye visima virefu vya tula kule kusini mwa Ethiopia, kuna mtu anaitwa abba herega. Kazi yake ni zamu. Abba konfi, yule wa kisima, ana haki ya kutangulia, ukoo wake unafuata, halafu wengine. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wananyweshwa kila siku ya tatu. Huku kwetu Waso, wazee wa dedha nao wamekuwa wakiamua nani anachunga wapi na wakati gani. Cheki hapo: hakuna mtu anayedanganya wenzake ati maji hayana mwisho. Yana mwisho, ndiyo maana kuna zamu, na kila anayeleta mifugo anaijua.

Sasa twende Marekani, Oktoba 1986. Intaneti ilikuwa bado changa, ya watafiti na vyuo. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California hapo Berkeley, umbali usiofika hata mita 400, spidi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini, si elfu arobaini! Na hakuna waya uliokatika. Kila kompyuta ikiona pakiti zake hazijafika, ilizituma tena, foleni ikazidi, ikatuma tena. Fikiria ng'ombe wote wakisukumana kwa birika moja, hakuna anayekunywa. Van Jacobson na Michael Karels ndio walioandika dawa, 1988: kompyuta ikiona pakiti zinapotea, ipunguze mwendo kwanza, halafu iongeze pole pole. Adabu hiyo ya kungoja bado iko ndani ya simu yako leo.

Mwaka huohuo wa 1986, Jonathan Turner alieleza njia nyingine, ndoo yenye tundu. Mwaga maji kwa fujo vile unataka, chini yatatoka kwa kipimo kilekile. Ndoo hiyo ina ndugu yake ambaye huweka akiba: ukinyamaza kidogo, rauta inakuwekea vibali, na ukianza kutumia unapewa mwendo mkali kwa sekunde chache kabla ya kurudishwa kwa kifurushi ulicholipia. Ndiyo maana ukipima spidi namba inaanza na mbwembwe, halafu inatulia.

Hapa Kenya kisima chetu cha kwanza kilikuwa setilaiti, ghali na chembamba. Kulikuwa na ujinga mwingine juu yake: barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa Nairobi, kama wako kampuni tofauti, ilipanda angani, ikatembea ng'ambo, ikarudi. Novemba 2000 kampuni za intaneti zikaungana na kufungua KIXP, mahali pa kubadilishana data hapahapa nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na ndani ya wiki kama mbili tume ya mawasiliano ikakifunga. Kilirudi Februari 2002. Kwa hivyo vita vya nani anapanga zamu havikuanza na fundi wako wa mtaani.

Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, na watu wakadhani kiangazi kimeisha. Kampuni zikaanza kuuza bando za "bila kikomo". Kufikia 2012 Safaricom ilikuwa imeziondoa zake. Bahari ilikuwa imejaa kweli, lakini kutoka kwa mnara hadi kwa mkono wako ni hewa, na hewa ya mnara mmoja inagawanywa na kila mtu aliye chini yake.

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Kwa waya, mtu akitumia kidogo anachukua kidogo. Kwa mawimbi, kinachogawanywa ni muda wa kuongea. Msee aliye mbali, nyuma ya ukuta, mwenye mawimbi dhaifu, anachukua muda mrefu zaidi kupokea picha ileile uliyopokea fasta. Ni mbuzi mgonjwa anayekunywa pole pole huku foleni yote ikimngoja. Kwa hivyo mtandao wako unaweza kuwa mbaya kwa sababu ya antena mbovu ya jirani.

Mwaka wa 2013 jirani zetu wa Nanyuki walianza kuunganishwa na mradi wa Mawingu, uliotumia masafa yaliyoachwa wazi na televisheni pamoja na umeme wa jua. Siku hizi miji kama yetu ina vijana wanaonunua faiba, wanapandisha antena juu ya paa, na kugawa kwa rauta ya MikroTik, kampuni ya Latvia. Nawaheshimu sana. Hao ndio abba herega wapya, hata kama wengine hawajijui. Hesabu yao iko hivi: ana Mbps 100, anauzia watu 40 Mbps 10 kila mmoja. Ameuza 400. Huo si wizi, kwa sababu mchana wengi hawatumii. Lakini mechi ikianza usiku wote 40 wakiingia, kila mtu anabaki na 2.5. Fundi mzuri amepanga foleni ili anayejaza fomu ya KUCCPS au anayefanya kazi ya mtandaoni asizibwe na mtu anayeshusha filamu tano. Fundi mvivu ameacha wenye nguvu wasukumane.

Na usiniambie ati Starlink imemaliza hii stori. Ilikuja Kenya Julai 2023. Kufikia Novemba 2024, Nairobi na kaunti jirani zilikuwa zimejaa, wateja wapya wakaambiwa wangoje. Hata angani kuna foleni.

Msimamo wangu ni huu: kugawa si dhambi, kuficha zamu ndiyo dhambi. Kisimani mpangilio unajulikana. Kwa intaneti tunauziwa neno moja, "hadi". Hadi Mbps 10. Hilo "hadi" limebeba uongo mwingi kuliko mwanasiasa wakati wa kampeni. Na anayeumia si tajiri, yeye atanunua laini ya pili. Anayeumia ni yule anayelipia kwa saa, fomu inafungwa usiku wa manane, na saa yake inaisha ukurasa haujafunguka.

Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza vitu vinne. Tunagawana wangapi? Saa mbili usiku napata ngapi, si saa nne asubuhi? Nikifika kikomo cha matumizi mnanishusha hadi wapi? Na foleni ikijaa, nani anatangulia? Waulize mafundi wa mtaani, uliza na kampuni kubwa pia. Akikujibu kwa namba, mpe pesa yake. Akikwambia "ni unlimited, buda", tafuta kisima kingine.