Arusha: Palipotiwa Saini, Palipotolewa Hukumu

Jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, halikujengwa kwa ajili ya Rwanda wala Burundi. Lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977 na kuyaacha maghorofa yale makubwa yakisubiri mwenye kazi nayo. Kazi ilipokuja, ilikuwa ya vita vya majirani. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za mji huu tangu nilipokuwa msichana wa chuo hadi nilipostaafu, na sijui mahali pengine duniani ambapo dunia iliahidi amani, ikashindwa kuilinda, kisha ikarudi palepale kuhukumu wauaji. Mambo hayo yote yalifanyika Arusha, ndani ya miaka michache, sisi tukipita barabarani kwenda sokoni.

Mazungumzo ya Rwanda yalianza hapa Julai 1992 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano kati ya serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na waasi wa RPF, wengi wao Watutsi. Yalichukua zaidi ya mwaka. Tanzania ilikuwa msuluhishi, na mwanadiplomasia wetu Ami Mpungwe ndiye aliyekaa nao siku baada ya siku, kifungu baada ya kifungu. Kilichowashinda kwa muda mrefu kilikuwa jeshi: nani atoe askari wangapi, nani atoe maofisa wangapi. Mwishowe walikubaliana askari wa kawaida wawe asilimia 60 wa serikali na 40 wa RPF, na maofisa wagawane nusu kwa nusu. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba ulitiwa saini mbele ya mwenyeji, Rais Ali Hassan Mwinyi. Habyarimana alisaini kwa serikali yake, Alexis Kanyarengwe akasaini kwa RPF.

Kuna watu wanaosema mkataba ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo, kwamba uliwapa RPF kingi mno na kuwaacha nje wenye siasa kali wa Kihutu ambao walikuwa na silaha na redio. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini wenye siasa kali wako katika kila mkataba wa amani, na ndiyo maana mkataba wa Arusha ulitaka kikosi cha kimataifa kisichoegemea upande. Serikali ya mpito ilitakiwa iundwe ndani ya siku 37 baada ya saini, kikosi hicho kikiwa tayari kimefika. Hesabu ni rahisi: siku 37 kutoka tarehe 4 Agosti zinaishia tarehe 10 Septemba. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 872 la kuunda kikosi cha UNAMIR tarehe 5 Oktoba. Siku 37 zilikwisha kabla hata kikosi hakijazaliwa kwenye karatasi.

Tarehe nazo zilikuwa mbaya. Siku mbili kabla ya kura ile, wanajeshi 18 wa Marekani walikuwa wameuawa Mogadishu, na mataifa makubwa hayakutaka tena kusikia habari ya kupeleka askari Afrika. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wa Burundi wakamuua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu iliyotangulia. Kesho yake Jenerali Roméo Dallaire wa Canada alitua Kigali kuongoza UNAMIR. Alipewa kibali cha askari 2,548, na hata hao walifika kwa kuchelewa, wengine bila magari, bila chakula cha kutosha, bila risasi za kutosha.

Tarehe 11 Januari 1994 Dallaire alituma faksi New York. Alikuwa amepata mtoa habari kutoka ndani ya wanamgambo waliokuwa wakifunzwa, na mtu huyo alimweleza mahali silaha zilipofichwa, mpango wa kuwaua askari wa Ubelgiji ili Ubelgiji iondoke, na jinsi vijana wake walivyoweza kuua Watutsi hadi 1,000 kwa dakika 20. Dallaire alitaka kwenda kuzikamata zile silaha. Idara ya kulinda amani, iliyokuwa chini ya Kofi Annan, ilimjibu kwamba hilo halimo katika mamlaka yake. Amweleze Rais Habyarimana, na awaeleze mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Nilipokuwa darasani nilikuwa nikiisoma habari hii polepole, kwa sababu ni pale ambapo maelfu ya watu wangeweza kuokolewa kwa malori machache na amri moja.

Ndege ya Habyarimana ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili. Alikuwa akitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais kuhusu utekelezaji wa mkataba uleule, na ndani ya ndege alikuwemo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Asubuhi yake waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia, sawasawa na alivyosema mtoa habari. Ubelgiji ikaondoa askari wake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapiga kura kukipunguza kikosi kibaki na watu 270. Ndani ya ukumbi ule, katika kiti cha mjumbe wa Baraza, alikuwa ameketi mwakilishi wa serikali iliyokuwa ikiwaua Watutsi, kwa kuwa Rwanda ilikuwa mjumbe wa muda mwaka huo.

Wiki moja baadaye, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Dada yangu alikuwa muuguzi huko. Aliandika barua moja tu mwezi ule, na ndani yake alisema mto Kagera ulikuwa ukileta maiti, na kwamba watu waliovuka, wahanga na wauaji, walikuwa wamelala uwanja mmoja.

Si walinda amani wote walioondoka Kigali. Askari wa Ghana, chini ya Jenerali Henry Anyidoho, walibaki. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa akipita vizuizi vya wanamgambo bila silaha, akiwaficha watu ndani ya gari, mara nyingi, hadi kombora lilipomuua tarehe 31 Mei. Maelfu walinusurika katika uwanja wa Amahoro kwa sababu wachache wenye kofia za buluu walisimama getini. Hilo linathibitisha kuwa hata kikosi kidogo kiliweza kuokoa. Fikiria basi kikosi kamili. Baraza lilikubali askari 5,500 tarehe 17 Mei, lakini mauaji yalikoma Julai wengi wao wakiwa hawajafika, na RPF ndiyo iliyoyakomesha kwa kushinda vita. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikadiria waliokufa kuwa 800,000. Rwanda inasema ni zaidi ya milioni. Desemba 1999 tume ya Ingvar Carlsson, ambayo Annan mwenyewe aliiomba, iliandika waziwazi kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa.

Kisha dunia ikarudi Arusha. Novemba 1994 Baraza la Usalama lilianzisha mahakama ya kimataifa ya Rwanda. Kura pekee ya kupinga ilikuwa ya Rwanda mpya yenyewe, iliyotaka pamoja na mengine adhabu ya kifo. Februari 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao. Magari meupe yakajaa mjini, kodi za nyumba Njiro na Sekei zikaanza kutajwa kwa dola, na misafara ya mahabusu kutoka gereza la Kisongo ikawa jambo la kawaida asubuhi. Nilianza kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha nne kukaa upande wa watazamaji, nyuma ya kioo, na vifaa vya kusikilizia masikioni. Kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Watoto wangu walisikiliza Kiingereza kwa shida, lakini mmoja wao aliniuliza tukiwa ngazini: Mwalimu, hawa wote, na magari yote haya, walikuwa wapi mwezi wa nne?

Hata hivyo sitaki mtu aidharau mahakama ile. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza Januari 1997. Hati ya mashtaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, akieleza jinsi alivyokimbia, akasema binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu. Baadaye mwingine akasema zaidi. Kati ya majaji watatu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini ndiye aliyekuwa mwanamke pekee, na majaji wakauliza, wakasikiliza, hadi Juni mwaka huo waendesha mashtaka wakairekebisha hati. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, karibu miaka 50 baada ya mkataba wa mwaka 1948 kuyapiga marufuku, na mara ya kwanza kutamkwa kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kuliangamiza kundi la watu. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya mauaji, aliyekwisha kukiri makosa, alihukumiwa kifungo cha maisha. Wanawake wa kijiji walisababisha sheria ya dunia ibadilike, na walifanya hivyo hapa, mwendo wa dakika chache kutoka mnara wa saa.

Udhaifu wa mahakama hiyo nao ulikuwa mkubwa. Mashtaka yalikuwa dhidi ya watu 93 tu, na gharama zilipita dola bilioni moja. Kesi moja, ya mauaji ya mkoa wa Butare, ilianza Juni 2001 na hukumu ikasomwa Juni 2011. Hakuna mtu hata mmoja wa RPF aliyefikishwa kizimbani, ingawa kulikuwa na tuhuma za mauaji upande huo pia. Watu 14 waliachiwa huru, na baadhi hawakuwa na nchi ya kuwapokea: André Ntagerura, waziri wa zamani aliyeonekana hana hatia mwaka 2004, alibaki Arusha hadi Desemba 2021 alipopelekwa Niger na wenzake, na Niger ikawataka waondoke kabla mwezi haujaisha. Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, na nyaraka zake zikahamia Lakilaki, pembeni mwa mji.

Mkataba wa pili wa Arusha, wa kumaliza vita vya Burundi, ninauona kama jibu la swali la mwanafunzi wangu. Mwalimu Nyerere aliusimamia hadi alipofariki Oktoba 1999, akafuata Nelson Mandela, na ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000 huku makundi mawili makubwa ya waasi yakiwa nje. Kwa karatasi ulikuwa dhaifu kuliko ule wa Rwanda. Lakini mwaka 2001 askari wa Afrika Kusini walikuwa tayari Bujumbura wakiwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka kikosi cha Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ukakichukua na kukiongezea nguvu. Mwaka 2005 Warundi walipiga kura. Tangu hapo mkataba huo ulisimama takriban miaka kumi, hadi mwaka 2015 muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ulipowarudisha wakimbizi ufukweni Kagunga, Kigoma. Ulipotikiswa safari hii, hapakuwa na kikosi.

Leo viongozi wanasaini tena, sasa kwa ajili ya mashariki ya Kongo, ambako walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo tangu mwaka 1999 na mji wa Goma ulitekwa Januari 2025 wakiwepo. Nawaomba wasomaji wa nchi zote zinazopakana na vita vile: mkataba ukitangazwa, msiishie kwenye picha za marais wakishikana mikono. Tafuteni vifungu vya ulinzi. Askari wangapi, kutoka nchi gani, wanafika tarehe ngapi, wana ruhusa ya kufanya nini mtu akianza kuua, na nani anawalipa. Yasipoandikwa hayo, waulizeni wabunge wenu mapema, kabla watu hawajafika mpakani.