Intahe na Joho: Kumtambua Mwalimu wa Sheria Burundi

Historia ya kumtambua mjuzi wa sheria nchini Burundi ilianza kabla ya chuo kikuu, kwenye mlima, ambao kwa Warundi ni makazi ya majirani na si mwinuko wa ardhi tu. Huko mtu hakuwa mushingantahe, yaani mwamuzi wa haki, kwa kujipendekeza: majirani walimchunguza kwa miaka, wakitazama anavyopatanisha na anavyotunza siri, naye akajifunza kwa kukaa kando ya wakongwe na kuwasikiliza, mpaka siku alipokula kiapo mbele ya wote, pombe ya ndizi au ya mtama ikinywewa. Alama yake ilikuwa intahe, fimbo aliyoigonga chini alipotoa neno la hukumu, na jina la cheo chenyewe lina maana ya kuisimika fimbo hiyo.

Kiriri, kitongoji cha milimani kinachotazama Bujumbura na Ziwa Tanganyika, kiliingia katika habari hii kwa njia nyingine. Wajesuiti walijenga hapo Koleji ya Roho Mtakatifu katika miaka ya 1950, na leo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964 kikiwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Mfumo wake wa vyeo, uliorithiwa kwa Wabelgiji, humpandisha mhadhiri hasa kwa maandishi yake. Tofauti ya maana ipo katika agregasioni, mtihani wa walimu wa sheria unaosimamiwa na CAMES, baraza la elimu ya juu la Afrika na Madagaska lililoundwa mwaka 1968: humo mtahiniwa hupewa mada, hujiandaa kwa muda mfupi uliopimwa, kisha husimama kufundisha mbele ya jopo linalomsikiliza.

Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilifunguliwa mwaka 1961, ufundishaji wa sheria nao haukuwa ndio uliopewa heshima ya juu. Issa Shivji alifundisha sheria huko tangu 1970, lakini Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa, alichokabidhiwa mwaka 2008 kilikuwa cha taaluma za Umajumui wa Afrika. Hakikuwa cha darasa la sheria alilolifundisha.

Katika kumtambua mtu kwa ushuhuda wa waliomwona akifanya kazi, mlima ulikitangulia chuo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, wa amani ya Burundi, ulitaka ubushingantahe, yaani taasisi ya waamuzi hao, urejeshewe hadhi yake. Vitivo vya sheria navyo viazime walau sehemu moja ya desturi hiyo: kabla ya kumvika mwalimu joho, viwaulize waliomsikiliza.