Liemba: maisha ndani ya meli kongwe ya Ziwa Tanganyika

Wapo wanaolipa mamilioni kuzunguka visiwa vya Karibiani kwa meli. Baadhi ya meli hizo za kifahari zimeundwa Papenburg, Ujerumani, na kampuni ileile ya Meyer iliyounda MV Liemba mwaka 1913.

Liemba ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Safari yake ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Mtu na mkewe waliotaka faragha walikata daraja la kwanza, chumba cha vitanda viwili. Daraja la tatu lilikuwa kubanana na magunia ya dagaa.

Lakini meli yenyewe uione usiku. Vijiji vingi havikuwa na gati, hivyo Liemba ilipiga honi na kutia nanga mbali na ufuko. Maboti yalikimbilia ubavuni, kelele tupu, abiria wakishuka gizani na watoto mikononi huku kreni ikinyanyua mizigo.

Iliposimama kwa matengenezo, walioumia si watalii. Ni wanavijiji wasio na barabara, waliobaki na maboti ya mbao, watu na mizigo humohumo. Na Tanganyika ikichafuka, mawimbi yake si mchezo.